Mama Mkwe Yuko Mlangoni

Vijana wa idara ya fiziotherapia, siku mliponiaga nikistaafu, kwa keki na saa ya ukutani, mliniagiza niandike "chochote cha kutusaidia." Saa inatembea, asanteni. Nilikusudia kuwaandikia mambo ya nyonga zilizovunjika na watoto wenye mguu kifundo, kazi ambayo ningeweza kuieleza nimefumba macho. Sitaweza. Nimekaa hapa barazani kwangu Nkuhungu, mfuko wa mkojo umefungwa pajani chini ya kikoi, na keshokutwa mpira wa mkojo unatolewa. Mtu wa hali hii haandiki habari za mguu kifundo.

Niseme mapema, maana wengine mmesikia nusunusu. Nimepasuliwa tezi dume. Daktari anasema imekwenda vizuri, na uso wake haukunionyesha kwamba ananificha kitu. Swali lililobaki ni moja, nalo ndilo nililowajibu wanaume wengi kwa sauti ya upole: mpira ukitoka, mkojo nitauzuia? Naogopa. Nalala na hofu, naamka nayo, nakunywa nayo chai. Na juu ya hilo mama mkwe wangu anakuja kutoka Kondoa kunijulia hali wiki ijayo, na hakuna wa kumwambia asije.

Basi nianze mwanzo, huenda moyo ukatulia.

Idara niliyoikuta ilikuwa chumba kimoja nyuma ya wodi ya upasuaji, chenye madirisha yaliyopitisha vumbi lote la Dodoma. Tulikuwa na godoro la sponji, mifuko ya mchanga, magongo ya mbao, kioo kirefu chenye ufa, na mfupa wa nyonga wa plastiki tuliouita Bwana Harusi kwa sababu ulipanguswa siku za wageni tu. Mkuu wangu alikuwa Mama Perpetua, mwanamke mfupi aliyetembea kama anayewahi ubatizo. Nilivyoingia tu nikamfuata mgonjwa kitandani, mikono iko tayari. Akanishika kola ya shati.

"Kijana, hujamwamkia. Huo mguu una mwenyewe."

Nikamwamkia mzee yule, akaitikia, na mguu ukalegea wenyewe kabla sijaugusa. Wengi wa wazee wetu walikuwa Wagogo waliotoka vijijini, Kiswahili chao cha kujifunzia ukubwani, na mimi Mrangi wa Kondoa nikajifunza kusema "mbukwenyi," salamu yao, mlangoni hata kabla sijajua funguo za kabati ziko wapi. Katika kazi yote niliyofundishwa na Mama Perpetua, hilo la kuamkia kwanza ndilo nililolitumia kila siku.

Yeye ndiye aliyenionyesha pia wanaume wa benchi la nyuma. Walikaa karibu na mlango, peke yao, na walivaa koti. Joto la kabla ya mvua, mbuzi wamejibanza kivulini, na mtu mzima amevaa koti refu la sufu.

"Yule mwenye koti, mwite wewe," akaninong'oneza. "Mimi ni mwanamke, hataniambia. Koti ni la kufunika suruali."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi ya haja ndogo, kwa sababu idara ilikuwa na mwanaume mmoja. Hakuna aliyenichagua kwa kipaji. Wengi wao walikuwa wametoka kupasuliwa tezi dume, wakapona kidonda, wakatolewa mpira, halafu wakagundua kwamba wakikohoa, wakiinuka, wakinyanyua ndoo, mkojo unatoka bila ruhusa. Walikuwa wamenunua pampasi za wakubwa kwa kujificha, wengine walitumia vitambaa. Walikuwa wameacha kwenda kanisani, msikitini, kwenye misiba na vikao vya harusi. Mmoja alinieleza kwamba mkewe anadhani amepata mwanamke mwingine, maana halali tena chumba kimoja naye.

Sasa mnajua wenyewe kwamba dawa yake kubwa ni msuli ulioko chini kabisa, kati ya mfupa wa kinena na mwisho wa uti wa mgongo, unaobeba kibofu na kufunga njia ya mkojo. Unakazwa, unalegezwa, unakazwa tena, ulale, ukae, usimame, kila siku, wiki hadi miezi. Kuusema ni rahisi. Kumfanya mtu aupate ndiyo kazi, maana hauonekani, na mwenyewe hajawahi kujua kama anao. Ukimwambia "kaza," anakaza kila kitu: matako, mapaja, tumbo, taya, mpaka pumzi anaizuia. Nimewahi kuwa na mtu aliyekaza ngumi.

Mwaka mmoja, kabla ya mvua, akaja Mzee Ndahani. Alikuwa mwalimu wa kwaya kule Chamwino, mrefu, kifua cha kuimbia, ameletwa na binti yake Eliza. Koti mwilini. Midomo yake ilikuwa imekauka mpaka imepasuka, na alipotaka kukaa akayumba, tukamdaka. Nikamwamkia, nikamkalisha vizuri.

"Mzee, mazoezi uliyofundishwa ulipotoka wodini, unayafanya?"

"Nayafanya sana. Waliniambia nijikaze. Najikaza kweli kweli."

"Unajikaza vipi?"

Akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa. "Kama mwanaume anavyojikaza. Sinywi maji."

Eliza akaanza kulia. "Kikombe kimoja asubuhi, daktari, basi. Tukimbembeleza anasema ndiyo mazoezi yenyewe, ameambiwa na wataalamu. Hata kwaya ameacha."

Jamani! Hebu fikirini. Mtoto akianguka tunamwambia jikaze. Mfiwa tunamwambia jikaze. Mwenye jino bovu, mwenye uchungu wa mapenzi, mwenye mtihani, wote wajikaze. Mzee wa watu ameambiwa neno hilo hilo na muuguzi mwema siku anatoka wodini, angejuaje kwamba safari hii lina maana ya msuli mmoja? Kasikia Kiswahili alichokijua siku zote. Katika jua la Dodoma, mtu wa umri ule, ameacha maji kwa sababu ni mtiifu. Nikaivuta ngozi ya mkono wake, nikaona inavyochelewa kurudi.

Tukamkimbiza wodini akatundikiwa dripu. Zile siku sikuwa na raha. Nilimchungulia asubuhi kabla sijasaini, nikamchungulia nikienda kula, mpaka sista wa zamu akaniuliza kama ni baba yangu. Niliogopa figo zake. Niliogopa pia kitu kingine, kwamba akipona atarudi kwangu, na mimi sina neno jingine la kumpa zaidi ya "kaza."

Akapona. Akarudi. Nikamweka kwenye kiti cha mbao kigumu, nikamkunjia taulo dogo likawa kama mkate mwembamba, akalikalia kwa urefu ili ahisi msuli unavyonyanyuka kutoka pale. Hicho ndicho kifaa, vijana, kiti kigumu na taulo, wala msisubiri mashine. Nikamwambia akaze. Mabega yakapanda masikioni, mishipa ya shingo ikatoka, uso ukaiva.

"Hapana, mzee. Tako lilegee."

"Likilegea nakaza nini sasa?"

Nje walikuwa wanaita namba za dawa. Nikamwomba Eliza akae nje kidogo, nikafunga mlango, nikavuta stuli.

"Mzee, mama mkwe wako yupo?"

"Yupo. Mzee sana, lakini yupo. Kwa nini?"

"Unisamehe kwa nitakalosema. Umekaa naye sebuleni. Umekula maharage. Upepo umekubana, unataka kutoka. Hutaki ausikie, na hutaki hata ajue kwamba umebanwa. Kwa hiyo uso unatabasamu, unapumua vizuri, unaitikia salamu. Huko chini unafanya nini?"

Alinitazama kwa namna ambayo nilidhani atainuka aondoke. Mkwe hatajwi hivyo, si kwao si kwetu. Kisha macho yakaniacha, yakaenda pembeni, kama mtu anayesikiliza kitu chumba cha pili. Mabega yakashuka polepole. Pumzi ikaendelea.

"Ala!" akasema. "Kumbe kuna mtu anaishi huku."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Na yeye akacheka, halafu akatazama suruali yake, akanitazama.

"Sasa mama mkwe ametoka kwenda jikoni," nikamwambia. "Legeza. Legeza kabisa, ni muhimu kama kukaza."

"Akirudi?"

"Karudi. Kaza. Pumua, umjibu."

"Leo anakaa sana?"

"Leo anakaa kidogo. Wiki ijayo atakaa zaidi."

Tukaendelea hivyo. Kwa ile ya harakaharaka, kaza-achia, nikamwambia mama mkwe anachungulia tu mlangoni na kuondoka. Na kwa kuinuka, kukohoa au kunyanyua kitu, kanuni ikawa mama mkwe aingie kwanza, ndipo usimame. Usimame halafu ndiyo umkumbuke, umechelewa. Maji anywe kama kawaida, apunguze chai ya rangi, na mlenda asiuache ili choo kisiwe kigumu, maana kujikamua chooni kunauchosha msuli ule ule. Na asikatize mkojo katikati kila anapokojoa eti ni mazoezi. Mara moja ya kuutambua msuli inatosha.

Tangu siku ile zoezi likaitwa mama mkwe. Wanaume walikutana koridoni, "Mama mkwe hajambo?" "Hajambo, jana ameshinda kwangu." Waliopita walidhani sisi ni hospitali ya watu wenye adabu mno. Mzee Ndahani alirudi miezi baadaye, na nilimwona kutoka dirishani kabla hajafika mlangoni, kwa sababu alikuwa na shati tu. Koti hakuna. Akaniambia amerudi kwenye kwaya, na kwamba akishika sauti ya juu bado tone linamponyoka, lakini tone halimzuii mtu kuimba.

Ningependa niishie hapo, lakini sitawadanganya. Alikuwepo dereva mmoja wa lori wa njia ya Singida. Aliupata ule msuli siku ya kwanza, akafanya kila kitu sawasawa, hakukosa kliniki, na alibaki na pedi. Tulimpeleka mbele kwa madaktari wakubwa zaidi, sikujua mwisho wake. Kwa miaka mingi sikumfikiria. Tangu nilipopasuliwa namfikiria yeye kuliko Mzee Ndahani.

Baadaye Mama Perpetua akastaafu, jengo likajengwa jipya, mji ukajaa wafanyakazi wa serikali, na chuo kikuu cha Chimwaga kikaanza kutuletea wanafunzi wanaoongea haraka. Neema alitoka huko. Siku ya kwanza kusikia habari za mama mkwe akaona aibu, akaniambia, "Mzee, hii kitu kwenye vitabu haipo." Nikamwambia vitabuni hakuna maharage pia. Hajaolewa, hana mama mkwe hata mmoja, na sasa hakuna anayelifundisha zoezi hilo vizuri kuliko yeye. Mnamjua, mko naye hapo, msimpandishe kichwa.

Naacha hapa. Nimeandika jana na leo, na mpira unatolewa kesho.

*

Umetolewa.

Nilidhani nimejiandaa. Muuguzi alivuta, ikaungua kidogo, akasema haya mzee simama taratibu. Nikasimama, na kabla sijajua kama nimesimama mkojo ulikuwa umeshafika kwenye kandambili. Haukuniuliza. Niliutazama unavyosambaa sakafuni, nikatazama dari, nikatamani nisiwe mtu ninayejulikana na kila mtu kwenye jengo lile. Yule dereva wa lori alikuwa mbele ya macho yangu kama ameingia chumbani.

Aliyeingia ni Neema. Aliona sakafu, akanikazia macho usoni, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mzee."

Nikataka kuitikia, sauti ikakatika katikati. Nikaitikia tena. "Marahaba, mwanangu." Hapo ndipo aliponishika mkono.

Alinibadilisha, akaniweka kwenye kiti cha mbao kile kile, taulo limekunjwa kama nilivyomfundisha. Akaniambia nikaze. Mimi, niliyewapitisha hapo wanaume wengi, nikakaza.

"Mzee, unapumua?"

"Napumua."

"Hupumui. Na mabega yako wapi?"

Yalikuwa masikioni. Matako yalikuwa jiwe. Nilikuwa nimejikaza mwili mzima, vijana, kama mtu anayesubiri kuchapwa. Woga ndio ulionifanyisha hivyo, na sasa nawaambia, mgonjwa akikaza mabega msidhani hajaelewa. Anaweza kuwa anajua yote na anaogopa tu.

"Rilaksi, mzee wangu," Neema akasema. "Mama mkwe yuko mlangoni."

"Wangu yuko njiani kweli," nikamwambia. "Jumamosi anafika."

Akaziba mdomo kwa mkono. Nikaanza kucheka, na nikalowa tena, na ilikuwa ni mara ya kwanza tangu nipasuliwe kucheka.

Nyumbani siku zile zilikuwa ngumu. Pedi ilijaa upesi. Sheikh alishanielekeza kwamba mwenye hali yangu anatawadha kila unapoingia wakati wa swala na anaswali hivyo hivyo, lakini msikitini sikwenda, niliogopa rukuu mbele ya watu. Mke wangu Zubeda alifua bila kusema neno, na kutosema kwake kuliniuma. Nilimsihi ampigie mama yake ahirishe. "Nimwambie nini?" akasema. "Kwamba mkwewe hataki kumwona?" Asubuhi nilipata vipande vya ukavu, jioni msuli ukichoka nikapoteza vyote. Sikuhesabu siku, nilihesabu safari za kuinuka kitini.

Jumamosi mama akafika. Bi Mwajuma amelima mlimani Kondoa maisha yake yote, anatembea na fimbo, na tangu nimuoe binti yake sijawahi kukaa naye sebuleni zaidi ya muda wa salamu na chai. Namheshimu, yeye ananistahi, kila mmoja anamkwepa mwenzake kwa adabu. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti kigumu, taulo chini, pedi ndani, kanzu nyeusi ili isionyeshe. Nikasikia fimbo yake ukumbini. Kumwamkia mkwe umekaa haiwezekani.

Nikapumua. Nikaangusha mabega. Nikakaza kwanza, ndipo nikasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Pole. Jikaze."

Lile neno! Limetoka kinywani mwa mama mkwe mwenyewe. Nilitaka kucheka, nikajizuia, kikanitoka kikohozi, na matone yakaponyoka. Machache. Pedi iliyapokea. Nikakaa taratibu, jasho linanitoka, nina hakika ameona kila kitu.

Alikaa kwenye kochi la mbali, akapewa chai, akaitazama asiinywe. Kisha akamgeukia Zubeda, maana hawezi kuniambia mimi jambo la namna hiyo uso kwa uso, akasema kwa sauti ambayo ningeisikia hata jikoni:

"Mwulize baba watoto wako. Hayo mazoezi yake ya hospitali ni ya wanaume peke yao?"

Zubeda hakuelewa. "Mazoezi gani, mama?"

"Ya haja ndogo. Tangu nimzae mdogo wako wa mwisho mimi nikikohoa, nikichota maji, sina raha. Safari yote kutoka Kondoa sijanywa maji. Najikaza tu."

Nilimtazama yule bibi na kikombe chake kilichojaa, na nikaona kitenge kizito alichojifunga juu ya gauni, na kingine juu yake, katika joto lile. Koti. Miaka yote hiyo amekuja kwangu, amekaa kidogo, ameondoka haraka, na mimi nilidhani ni heshima tu.

"Mwambie mama," nikamjibu mke wangu, macho yangu chini, "ni ya kila mtu. Kwanza anywe chai yake. Halafu mwambie, hicho anachofanya sasa hivi akiwa mbele ya mkwewe, ndicho. Apumue tu, alegeze mabega."

Bi Mwajuma akabaki ametulia, macho pembeni. Mabega yakashuka.

"Ee!" akasema polepole, na akavuta kikombe.

"Zubeda," nikasema, "lete kiti kingine kigumu. Na taulo safi kabatini. Hili langu niachie."